Rimoti Kubwa Imemshinda Mama, Ninunue Ipi?

Assalaam aleikum,

Mimi ni msomaji wenu wa Kisauni. Nakaa na mamangu, umri wake miaka 71. Ana glakoma, ile wanayoiita presha ya macho, na kisukari cha miaka mingi. Jicho la kushoto halioni kitu. La kulia anaona kilicho mbele yake tu. Cha pembeni hakioni, hata kikombe cha chai kikiwekwa ubavuni mwake hukipiga kumbo. Lakini TV haachi. Husogeza kiti karibu na kioo, na mengi huyasikiliza tu. Taarifa ya habari ya saa moja haimpiti, na taarabu ikipigwa usimsemeshe.

Taabu ni rimoti. Tuna mbili, ya TV na ya king'amuzi, zote nyeusi, zote urefu mmoja. Akitaka kupunguza sauti hushika isiyo yake. Akitaka kuzima hugusa kitufe cha "SOURCE", kioo kikawa buluu na kuandika "No Signal", na hapo hukaa na ubuluu wake mpaka mmoja wetu arudi. Mimi hutoka alfajiri, watoto wako shule hadi saa kumi.

Mwezi uliopita nikamnunulia rimoti kubwa, ile ya ukubwa wa daftari, nambari zake zasomeka hata ukiwa mlangoni. Nikadhani tumemaliza. Wapi! Asema hii ni mbaya kuliko zile mbili. Huipapasa juu mpaka chini, hajui pa kushika, sasa ameitia kabatini. Ndugu zangu wasema ni ukaidi wa uzee.

Nataka kujua, ipo rimoti ya kumfaa mtu kama huyu? Ni zile za kung'aa gizani? Au za kusema nazo kwa mdomo? Au nibandike alama kwenye hizi tulizo nazo? Pesa ya kubahatisha mara ya pili sina.

Binti wa Kisauni

*

Waaleikum salaam, binti yetu. Mpe mama salamu, kisha waambie ndugu zako mama si mkaidi.

Glakoma kwa kawaida huanza kula pembezoni mwa uoni na kuacha katikati, mpaka mtu akawa kama anayechungulia kwenye bomba. Rimoti ya ukubwa wa daftari haiingii yote kwenye tundu hilo. Mama anaiona "4" vizuri sana, ila hajui kama hiyo "4" iko juu, kati au chini ya rimoti, na ili ajue lazima azungushe kichwa kipande kwa kipande. Kwake yeye, rimoti nyembamba inayoenea kiganjani ni bora kuliko kubwa. Hizo kubwa huwafaa watu wa maradhi mengine: aliyeharibika katikati ya jicho na pembeni kukabaki salama, huyo herufi kubwa humsaidia kweli. Mwenye mtoto wa jicho naye husumbuliwa zaidi na mng'ao na rangi kufifia. Huyo mtafutie rimoti isiyometameta, maandishi meupe juu ya weusi, na taa imulike kutoka nyuma ya bega lake. (Mzee anaweza kuwa na glakoma na mtoto wa jicho kwa pamoja, na huyo wa pili hutolewa kwa upasuaji. Kama mama hajapimwa karibuni, hapa Mombasa ipo hospitali ya macho ya Lighthouse for Christ. Tunaishia hapo, ya daktari tumwachie daktari.)

Kisukari nacho kina neno katika jambo hili. Kikikaa miaka mingi huweza kupunguza hisia, huanzia miguuni na kwa wengine hufika vidoleni. Kabla ya kununua alama za kubandika, gundisha kwenye kadibodi punje ya mchele, na mbali kidogo gundisha punje ya kunde. Zikikauka, mama afumbe macho azitafute kwa kidole. Akiuona mchele mara moja, alama ndogo zitamtosha. Akiupita mchele akasimama kwenye kunde, basi alama iwe ngumu na iinuke milimita 2 au 3, na kati ya alama na alama pawe na nafasi ya upana wa kidole.

Sasa hesabu. Kaa naye jioni tatu na karatasi, uandike vitufe anavyovihitaji hasa, si vilivyopo. Watazamaji wengi wa aina yake hawapiti sita: kuwasha, sauti juu, sauti chini, stesheni mbele, stesheni nyuma, na kunyamazisha. Rimoti ya king'amuzi ina vitufe 40 hivi. Hivyo 34 vinavyobaki kwa mama ni mitego, na huo wa "SOURCE" ndio ulionasa mara nyingi kuliko yote. Kwa hiyo unapotafuta rimoti usiulize ina maandishi makubwa kiasi gani. Uliza ina vitufe vingapi, na kama kila kimoja chatambulika kwa kuguswa.

Na huenda usinunue kitu. Tuanze na kupata rimoti moja badala ya mbili.

Sauti kwanza. King'amuzi kina sauti yake na TV ina yake, na mama anazikimbiza zote mbili. Weka sauti ya king'amuzi katikati, kisha kwa rimoti ya TV panda mpaka mama aseme hapo panamtosha. Iache TV hapo siku zote. Kuanzia leo sauti ni ya rimoti ya king'amuzi peke yake.

Kisha kuwasha. King'amuzi kiache kimewaka, umeme wake ni wati chache. Kitakachozimwa na kuwashwa ni TV. Sasa itazame rimoti ya king'amuzi: nyingi za ving'amuzi visivyolipiwa zina vitufe vinne au vitano vilivyozungushiwa mstari na kuandikwa "TV", na kimoja kati yake ni "SET". Hivyo hujifunza kutoka rimoti nyingine. Shikilia "SET" mpaka taa ndogo iwake bila kuzima, bonyeza kile cha kuwasha katika eneo hilo, taa itaanza kupepesa. Zielekeze rimoti mbili pua kwa pua, sentimita 2 hadi 5 kati yake, ubonyeze kitufe cha kuwasha cha rimoti ya TV. Taa ikipepesa haraka mara chache, rimoti imejifunza. Bonyeza "SET" umalize. Ukifanikiwa, rimoti ya TV iondoe sebuleni.

Kabla hujafurahi, zima swichi ya ukutani kwa makusudi, hesabu hadi 20, uwashe. Stima yetu hukatika, na vyombo havirudi kwa namna moja: kingine hurudi kikiwa kimewaka, kingine hurudi kimelala. King'amuzi kikirudi kimelala, angalia kama menyu yake ina mahali pa kuchagua kijiwashe. Kama hapana, mama atahitaji kitufe cha kukiamsha na afundishwe hicho pia. Hii ndiyo sababu hatupendi rimoti zinazojisifu kuwasha vyombo vyote kwa kitufe kimoja. Kwa TV na ving'amuzi vingi, alama ya kuwasha na ya kuzima ni ile ile moja. Kimoja kikiwa macho na kingine kimelala, kila anapobonyeza vinabadilishana, na havitawaka pamoja mpaka mwenye macho afike.

Bado uko kwenye king'amuzi: chagua stesheni zake tano au sita, uziingize kwenye orodha ya "FAV", yaani ya stesheni zipendwazo, umwache ndani ya orodha hiyo. Stesheni mbele na nyuma zitazunguka hizo tu. Akizoea kwamba kutoka KBC mibonyezo miwili ni Citizen, hana haja ya nambari tena. Waonye watoto wasibonyeze kutafuta stesheni upya, maana orodha hufutika au hupangwa kivingine, na mama atadhani rimoti imeharibika.

Sasa ile mitego. Watu hufunika vitufe kwa plasta au selotepu. Kwa joto letu gundi huyeyuka, selotepu husogea, na chini yake kitufe bado kinafanya kazi akikikandamiza. Dawa yake iko ndani. Toa betri, tafuta skrubu (mara nyingi moja hujificha chini ya betri), kisha pitisha kadi ya plastiki ya simu kwenye ufa wa ubavuni ukianzia upande ulio mbali na taa ya mbele. Usitumie kisu, hukata vishikizo, na rimoti haitafungika tena. Ndani utakuta kipande cha mpira chenye vitufe vyote, na chini ya kila kitufe kuna duara jeusi la kaboni linalogusa ubao. Kata utepe wa umeme, ule wa mafundi wa waya, vipande vidogo vya mraba, ubandike juu ya ubao pale duara la "SOURCE" linapotua, na "MENU", na lugha, na vyote usivyovitaka. Vitufe vitabaki mahali pake ila havifanyi kitu. Siku ukivihitaji unabandua. Ukiwa umeshaifungua, osha mpira kwa maji na sabuni, upanguse ubao kwa spiriti, vikauke kabisa ndipo ufunge. Vitufe vinavyotaka kukandamizwa kwa nguvu mara nyingi vina mafuta ya vidole tu, havijafa.

Kwa alama tuna ushauri mmoja usiopendwa: weka chache. Mtu akinunua karatasi ya alama 20 hutaka kuzimaliza, na rimoti ikawa na chunusi mwili mzima, mama asijue ipi ni ipi. Mbili zatosha, tatu ndio mwisho. Kwenye rimoti nyingi nambari 5 tayari ina kinundu chake. Mwonyeshe hicho, kitamsaidia kujua katikati ni wapi. Kitufe cha kuwasha TV kipe alama ya mstari, cha sauti juu kipe kinundu kimoja. Sauti chini kiko chini yake, hakihitaji kitu. Zile nundu laini za mpira zinazobandikwa milango ya kabati isigonge hufanya kazi kama anazihisi. Kama kidole chake kilisimama kwenye kunde tu, tia tone la Araldite, ile gundi ya kuchanganya mirija miwili, uliache likauke usiku kucha rimoti ikiwa imelala chali. Epuka superglue. Ni maji mno, hutiririka kwenye ufa na kukigandisha kitufe. Na ile nailoni iliyokuja na rimoti, ambayo nyumba nyingi huiacha miaka kwa kuogopa vumbi, ivueni leo. Inaua kila alama iliyo chini yake.

Ikiwa rimoti ya king'amuzi haina eneo la kujifunza, hapo ndipo ununue. Kinachotafutwa ni rimoti ya kujifunza yenye vitufe sita hadi vinane, mpira uliopanda juu ya uso wa rimoti, na kitufe cha kuwasha kiwe na umbo tofauti na vingine. Ukiwauliza wauzaji wa Digo Road rimoti rahisi, wengi watakupa ya kila TV, yenye vitufe 45 na orodha ya namba za siri, si hiyo. Sema wazi: "Nataka inayojifunza, vitufe vichache." Ukikosa, rimoti ndogo za kawaida zenye eneo la kujifunza si ghali, na ukiiulia mitego kwa utepe utafika pale pale.

Nenda na rimoti zako zote mbili, zikiwa na betri mpya, ufanyie majaribio dukani. Kwanza hakikisha zatumia mwanga: fungua kamera ya mbele ya simu, elekeza pua ya rimoti, ubonyeze. Ukiona nukta inayopepesa, ni mwanga usioonekana kwa macho na utafunzika. Zile rimoti nyembamba za TV janja zenye maikrofoni hutumia Bluetooth kwa vitufe vingi, na hizo rimoti ya kujifunza haiwezi kuzinakili. Usidanganyike kwamba cha kuwasha kimefunzika. Mara nyingi hicho peke yake ndicho cha mwanga. Jaribu kila kitufe.

Ufunzaji ukikataa, chanzo huwa kimoja kati ya hivi: betri dhaifu kwenye rimoti inayonakiliwa, jua au taa kali inayopiga juu ya meza, pua hazitazamani sawa, au umebonyeza kwa muda usiofaa. Kitufe cha sauti ukikishikilia muda mrefu wakati wa kufunza, baadhi ya rimoti huhifadhi mbonyezo mrefu, na sauti itaruka ngazi tano kwa mguso mmoja. Futa, funza tena kwa mguso mfupi. Kuna jingine huwatesa hata mafundi: kitufe kinafanya kazi mara ya kwanza, mara ya pili hakijibu, ukibonyeza kingine kikaamka. Rimoti zinazotumia mfumo wa RC5 wa Philips hubadilisha alama moja ndani ya ujumbe kila unapobonyeza upya, na nakala iliyohifadhi alama moja tu huonekana kwa TV kama kidole ambacho hakijainuliwa. Kosa si lako. Rimoti hiyo ya kujifunza haifai kwa chombo hicho, irudishe.

Mwisho dukani, toa betri za rimoti ya kujifunza kwa dakika 10, uzirudishe. Ikiwa imesahau, usinunue, kwa maana kila betri zikiisha mama atabaki bila TV mpaka wewe upate nafasi ya kuifunza upya.

Za kung'aa gizani hatuzipendekezi. Mng'ao wake ni hafifu, hufifia muda mfupi baada ya taa kuzimwa, na aliyepoteza uoni kwa glakoma mwanga hafifu ndio humshinda zaidi. Zenye taa ndani ni afadhali ila hula betri. Kusema kwa mdomo kwahitaji TV janja na intaneti iliyo hewani, na kwa nyingi mama atalazimika bado kukipata kitufe cha maikrofoni na kukishikilia. Wifi ikikatika, amerudi pale pale. Simu kama rimoti usiifikirie: ni kioo kitupu, hakuna cha kupapasa.

Betri ni mbili za AAA, zibadilishwe zote kwa pamoja. Mpya na kuukuu zikichanganywa, kuukuu hukaukia ndani na kuvuja. Hewa yetu ya chumvi nayo huleta kutu kwenye springi. Zitazame kila baada ya miezi mitatu. Ukiona unga mweupe uliovuja kutoka betri za alkalini, pangusa kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha kwa pamba yenye maji kidogo, ukaushe. Mama akianza kusema lazima asogee karibu ndipo TV isikie, usingoje, betri zimechoka.

Rimoti ikiwa tayari, ifunge kamba pana ya rangi ya manjano, upande mmoja kwenye rimoti, wa pili kwenye mkono wa kiti chake, urefu wa kufika mapajani na si zaidi. Mfundishe akiwa amefumba macho, kitufe kimoja kwa siku: kuwasha leo, sauti kesho. Rimoti za zamani usizitupe wala usimpe mtoto achezee. Zitoe betri, zifunge pamoja kwa mpira, uweke kabatini pamoja na hiyo kubwa. Siku TV itakapohitaji menyu, au ile mpya kufunzwa tena, ni hizo tu zitakazokutoa.